Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Fimbo Imekaa Sawa, Upanga Bado

Ndugu wanachama,

Taarifa hii inawafikia kabla ya mkutano mkuu ili kila mmoja aje ameisoma. Hesabu za fedha ziko kwa mweka hazina, mahudhurio yako kwa katibu, nami sitayarudia. Nitazungumzia mazoezi na vifaa, kisha nitaomba maamuzi matatu.

Jambo lenyewe ni moja. Jodo, sanaa yetu ya Kijapani ya fimbo, hufanywa wawili wawili: mmoja ana fimbo, mwenzake ana upanga wa mti. Kila anayeingia ukumbini anakimbilia fimbo, na upanga anaachiwa aliyechelewa. Kwa hiyo tuna watu wanaozijua kata zote 12, yaani mifululizo ya miondoko iliyopangwa, kwa majina na kwa mpangilio, lakini ukiwasimamishia mtu anayekata kweli, miguu inaganda. Tusiwalaumu. Hawajawahi kukatiwa upanga unaofika.

Tunachofanya, kwa ajili ya wanachama wapya

Shule tunayofuata ni Shinto Muso-ryu, iliyoanza mwanzoni mwa karne ya 17. Mapokeo yanasema mwanzilishi wake, Muso Gonnosuke, alishindwa na bingwa wa upanga Miyamoto Musashi, akapanda mlima Homan karibu na Fukuoka kufunga na kuomba, na huko akapata neno: kwa gogo la mviringo, ujue suigetsu. Suigetsu kwa maneno ni mwezi majini. Kwa mwili ni chembe cha moyo, pale chini ya mfupa wa kifua. Fimbo ikatunzwa vizazi na vizazi na watu wa ukoo wa Kuroda waliotawala Fukuoka. Shimizu Takaji, aliyefariki 1978, ndiye aliyeitoa huko na kuipeleka Tokyo, akawafundisha polisi katika miaka ya 1930. Mmarekani Donn Draeger alijifunza kwake, na yeye ni mmoja wa waliofanya jina la jodo lijulikane nje ya Japani.

Mwaka 1968 Shirikisho la Kendo (mchezo wa upanga) la Japani lilipanga seti moja ya kata 12, ambayo mtu wa mji wowote anaweza kuifanya na mtu wa mji mwingine bila kuzozana. Hiyo ndiyo seti ya seitei, na ndiyo msingi wa mazoezi yetu: Tsukizue, Suigetsu, Hissage, Shamen, Sakan, Monomi, Kasumi, Tachiotoshi, Raiuchi, Seigan, Midaredome na Ranai. Chini yake kuna mapigo ya msingi 12, yaani kihon, ambayo kwanza hufanywa peke yako, kisha mbele ya upanga.

Nitoe angalizo la lugha, maana linasumbua kila mwaka. Maneno ya Kijapani yanaingia vizuri mdomoni mwetu, lakini neno kata linatega. Kwao ni mfululizo wa miondoko uliopangwa. Kwetu ni amri. Mwalimu akitamka "Kata ya pili!" mgeni mwenye upanga huukata utosi wa mwenzake kabla hajajipanga. Wakufunzi wataje kata kwa jina lake, Suigetsu au Hissage, waachane na namba.

Wapo pia wanaotujia wakidhani hiki ni kirumbizi cha Kijapani. Kirumbizi kina ngoma na watazamaji, na wote wawili wana fimbo. Huku hakuna ngoma, na mmoja ana makali.

Upande wa upanga

Katika shule za kale za silaha za Japani, upande unaoshindwa hushikwa na aliye mkubwa. Anaitwa uchidachi. Yeye ndiye anayeweka umbali, anayeamua wakati, anayekata, na mwisho ndiye anayepigwa. Mgeni akitazama ataona mwenye fimbo ndiye fundi. Anayejua humtazama mwenye upanga, kwa sababu fimbo haiwezi kuwa sahihi kuliko mkato inaoujibu. Sisi tumeugeuza utaratibu huo: tumempa upanga mwanafunzi wa miezi mitatu, tukampa fimbo wa miaka mitatu, halafu tukashangaa fimbo kutokua.

Makosa yanayojirudia ni haya.

La kwanza ni mkato mfupi. Upanga wa mti una sentimita 101.5 hivi, na kati ya hizo mpini unachukua kama 24. Mbele ya mikono inabaki sentimita 77 au 78. Mwenye upanga akianza hatua moja kutoka umbali wa kufika, umbali ambao Wajapani huuita issoku itto, ncha yake itavuka utosi wa mwenzake kwa upana wa kiganja. Wengi wetu huanza mbali zaidi ya hapo, kwa woga au kwa adabu. Ncha inapita hewani mbele ya pua. Mwenye fimbo hana haja ya kuhama, basi hahami. Anasogeza mguu kidogo kuonyesha heshima na kupiga. Siku atakayokutana na mkato unaofika atapigwa kichwani akiwa bado anafikiri. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na upanga wa mbali haumfundishi mtu.

Jinsi ya kupima: mwenye upanga akate taratibu hadi juu ya kichwa cha mwenzake aliyesimama tuli, asimamishe mkono kiasi cha sentimita 3 kabla ya utosi. Watazame ncha iko wapi. Ikiwa haijafika nyuma ya paji la uso, asogee mbele nusu hatua na arudie. Wafanye hivyo mara tano kabla ya kata yoyote. Ni dakika moja tu.

La pili ni kumkwepa mwenzako kwa huruma. Katika Suigetsu mwenye upanga anakata katikati ya utosi, na mwenye fimbo anatoka kwenye mstari kwa kuingia mbele upande wa kulia huku akichoma chembe cha moyo. Mwenye upanga akishajua kata hiyo, mkono wake unaanza kuteleza pembeni mapema, upande ambao mwenzake hayupo. Kwa macho inapendeza, hakuna anayeguswa. Lakini mwenye fimbo akiingia pembe isiyo sahihi, hakuna kinachomwambia. Wengine hufanya kinyume chake: wanaufuata mwili unaohama, kwa vile wanajua utakwenda wapi. Mkato ni mmoja na unalenga mahali pamoja: utosi, pale ulipokuwa wakati upanga unaanza kushuka.

La tatu linahusu hikiotoshi, pigo la kuuangusha upanga wa mwenzako, nami nitakaa hapo kidogo kwa kuwa ndiyo roho ya mapigo yetu na ndiyo inayoharibu viwiko.

Mwenye fimbo amesimama kiubavu, fimbo imefichwa nyuma ya mwili. Upanga umenyooshwa mbele, ncha ikielekea machoni pake. Fimbo inapanda kwa duara kubwa, nyonga inageuka, mguu wa kulia unaingia, na fimbo inashuka juu ya ubapa wa upanga ikiusugua hadi upanga unaanguka na kurudi nyuma. Neno "kusugua" ndilo la kushika. Anayegonga ubapa kwa ubavu, kama anayepasua kuni, atasikia mlio mkali na mtetemo utamrudia kwenye kiwiko. Mlio sahihi ni mfupi na mzito, na ukitazama fimbo baadaye utaona alama ndefu, si shimo. Kinachoharibu karibu kila mara ni kukaza ngumi mapema: mikono ikikaza kabla fimbo haijagusa, nyonga haigeuki tena na pigo linabaki la mabega.

Sasa mwenye upanga. Akiufahamu mchezo, anaushusha upanga mwenyewe kabla haujaguswa. Fimbo inakuta hewa, inapitiliza, na inaishia kwenye sakafu au kwenye goti la mmoja wao. Akiwa mkaidi, anaukaza upanga kama nguzo. Mbao zote mbili zinapata mashimo na vifundo vya mikono vinavimba. Namna yake ni hii: vidole viwili vya mwisho vya kila mkono vimeshika, vidole vya mbele vimelegea, viwiko havijanyooka kabisa. Upanga unakaa katikati, unamtisha mwenzake kweli, hadi fimbo iguse. Ikigusa, uende unakopelekwa, na mguu wako urudi nao. Usiamue wewe.

La nne ni kulipokea pigo la kuchoma ukiwa umeinama mbele. Hatuvai kinga ya kifua. Ncha ya fimbo inatakiwa iguse nguo kwenye chembe cha moyo na kuishia hapo, lakini uzito wa mwili ukiwa umeegemea mbele, mwenye upanga ndiye anayejichoma. Kisigino cha nyuma kikae karibu na sakafu, mgongo usimame, na macho yaangalie uso wa mwenzako. Anayeitazama ncha ya fimbo huinama bila kujua.

Upande wa fimbo

Hapa nina machache, kwa sababu hapa tumefanya kazi.

Kidole gumba cha mkono wa mbele kisilale juu ya fimbo kikielekea ncha, kizunguke. Gumba lililonyooka ndilo linalogongwa na upanga. Mikono ikibadilishana, mmoja utelezeshwe na mwingine ushike. Anayeachia yote miwili, hata kwa nukta moja, fimbo itaruka. Pete na saa zivuliwe mlangoni, pete hasa, kwa kuwa kidole kikivimba haitoki tena. Aliyegongwa kidole aache zoezi hapo hapo, aweke barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, na kidole kikiwa hakikunji au kimekaa upande, aende hospitali kikapigwe picha. Kukivuta "kirudi" ni marufuku.

Sauti: Ei kwa pigo la kupiga, Ho kwa pigo la kuchoma. Bado zinachanganywa, hasa pale mchomo unapofuata pigo papo hapo. Ipo sababu ya kuzitenganisha: Ei inafunga mbavu, Ho inasukuma pumzi kwa mstari. Ukizikosea, mwili nao unafanya kazi ya pigo jingine.

Vifaa

Fimbo halali ina urefu wa sentimita 128 na unene wa sentimita 2.4, sawa mwanzo hadi mwisho. Mti wake huko Japani ni mwaloni mweupe, shirokashi, na fimbo ya kiasi hicho huwa na gramu 500 hivi.

Wanachama wanauliza kwa nini tusichonge zetu. Tunaweza, lakini mti si mti tu. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Fimbo ya vipimo hivyo inakaribia gramu 700, inachosha mabega ya anayejifunza na inaula upanga wa mwaloni. Mninga ni mzuri kwa kitanda na mlango. Hapa ni mwepesi na laini, unabonyea upesi. Mpera ndio wenye tabia tunayoitaka, na si bure kwamba watu hufanyia mipini: unanyumbuka na haupasuki kirahisi. Tabu yake ni kupata kipande kilichonyooka cha mita moja na robo bila fundo. Fundi akikuletea, tazama nyuzi za mti. Ziende kutoka ncha hadi ncha. Nyuzi zikitokeza ubavuni kabla ya kufika mwisho, hapo ndipo itakapovunjikia, na itavunjika kwa kipande chenye ncha kali. Hiyo irudishwe, hata kama imechongwa vizuri namna gani.

Kasoro kubwa ya fimbo zetu ni vanishi. Inang'aa, lakini mkono wenye jasho unanata juu yake, na hapa Pwani mkono wenye jasho ndio mkono wa kawaida. Itolewe kwa msasa namba 240, kisha 400, ukisugua kwa kufuata nyuzi. Baada ya hapo, mafuta ya kitani, matone machache kwenye kitambaa, ipakwe nyembamba na kuachwa ikauke, halafu irudiwe. Mafuta ya nazi hayafai: hayakauki, yanabaki yananata na kushika vumbi. Na tahadhari moja isiyo ya mzaha. Kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa kwenye kona kinaweza kupata joto chenyewe hadi kikawaka. Kitandazwe nje kikauke, au kilowekwe kwenye ndoo ya maji kabla ya kutupwa.

Mbonyeo mdogo si ajali. Weka kitambaa kilicholowa juu yake, pitisha pasi ya moto kwa sekunde chache. Mvuke unazivimbisha nyuzi na shimo linapanda. Ikauke vizuri ndipo upitishe msasa. Vibanzi vinatafutwa kwa soksi ya nailoni: ivute kutoka ncha moja hadi nyingine, pale inaponasa pana kibanzi ambacho jicho halijakiona. Ufa unatafutwa kwa sikio. Shika fimbo kwa vidole viwili karibu na theluthi ya juu, igonge sakafuni taratibu. Fimbo nzima inalia kwa uwazi. Yenye ufa inatoa mlio mfu. Hiyo haiunganishwi kwa gundi wala kufungwa utepe. Inatolewa ukumbini siku hiyo hiyo.

Uhifadhi: fimbo zinazoegemezwa ukutani zinapinda, na zetu zinaegemezwa ukutani. Zilazwe kwenye vishikizo viwili au zaidi vilivyo usawa mmoja, mbali na dirisha lenye jua. Kupinda kunaonekana ukiiviringisha juu ya meza: iliyonyooka inabingirika kimya, iliyopinda inatembea kama mlevi. Kwa safari, bomba la maji la plastiki la inchi 3 lenye vifuniko viwili linabeba fimbo na upanga pamoja, lakini litobolewe matundu, la sivyo unyevu unabaki ndani na kuvu inaanza ndani ya wiki.

Madaraja

Kwa wanaouliza lini watapanda: utaratibu wa Shirikisho la Kendo unadai mwaka 1 kati ya dan, yaani daraja, ya 1 na ya 2, miaka 2 hadi ya 3, miaka 3 hadi ya 4, na miaka 4 hadi ya 5. Shule ya kale ina hati zake, kuanzia okuiri, ya mwanzo, hadi menkyo kaiden, ya juu kabisa, na hizo hazina ratiba. Hutolewa na mwalimu anapoona. Tusivichanganye. Dan si hatua ya kuelekea menkyo, wala hati ya shule haimpi mtu dan.

Maamuzi ninayoyaomba

Kwanza, ratiba. Kipindi cha saa 2 kigawanywe hivi: dakika 10 za kupasha mwili, hasa vifundo vya mikono na mabega, dakika 20 za upanga kwa kila mtu, mkubwa na mdogo, mikato ya utosi na kupima umbali kama nilivyoeleza, dakika 30 za kihon peke yako, kila pigo mara 10 kulia na mara 10 kushoto kwa yale yenye pande mbili, na kama muda hautoshi yapunguzwe mapigo, marudio yabaki, dakika 20 za kihon mbele ya upanga, dakika 35 za kata, dakika 5 za kufunga na kukagua mbao. Najua dakika za kata zimepungua. Zimepungua kwa makusudi.

Pili, hakuna kata mpya kwa miezi sita. Kila mwanachama achukue kata nne za mwanzo, kutoka Tsukizue hadi Shamen, na azifanye pande zote mbili. Tsukizue peke yake itatosha kutuumbua: fimbo imesimama chini kama ya mzee, upanga unakuja, na mwenye fimbo lazima angoje hadi mkato uwe hauwezi tena kurudi ndipo ahame na kupiga kifundo cha mkono. Akihama mapema, mwenye upanga anayejua kazi yake abadilishe njia na kumsimamishia ncha kooni, bila maneno. Wanachama wasiruhusiwe kukasirika.

Tatu, mwenye upanga awe mkubwa. Mwenye uzoefu wa chini ya mwaka mmoja akishika upanga, kasi iwe ya kutembea na mkufunzi awe pembeni. Katika mazoezi ya kasi kamili, upanga ushikwe na mwenye uzoefu mrefu kati ya hao wawili. Wale wakongwe waliozoea kuchagua fimbo kwanza watapoteza nafasi hiyo, nami ni mmoja wao.

Kila anayekuja mkutanoni aje na fimbo yake na upanga wake. Meza ya ukaguzi, soksi ya nailoni na msasa vitakuwa mlangoni, na ukaguzi utamalizika kabla ya ajenda ya kwanza.

Mwenyekiti